Harufu Waliyodhani ni Tembo

Baba aliponiuliza kama nimekunywa tembo, nilimjibu ndiyo. Sikuwa nimekunywa. Tembo tamu, lile la asubuhi lililoshushwa mnazini sasa hivi, tulilinywa sote utotoni bila dhambi wala kificho. Lakini lililochacha, lile linalomfanya mtu aimbe njiani peke yake, sikupata kulionja, na wala sikujua linanukaje mdomoni mwa mtu. Hata hivyo nilisema ndiyo, tena kwa sauti ya kusikika, na neno hilo moja lilikaribia kunitia kaburini kabla sijaanza kunyoa ndevu.

Jambo hili linataka maelezo, na maelezo yenyewe yananitia haya hadi leo, kwa sababu inanibidi nianzie kwenye mkojo.

Tulikuwa tukikaa Kengeja. Baba alikuwa mwalimu wa chuo, na watoto wa jirani wote walisoma Kurani barazani kwetu, wakipiga kelele tangu jua kuchomoza. Nilikuwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili nilipopatwa na kiu. Si kiu ya mtu aliyetoka kucheza juani. Nilikunywa hadi kata ikakwaruza chini ya mtungi, kisha nikaenda kuomba maji kwa jirani, na kila nilichokinywa nilikitoa. Nikakonda, kanzu ikanipwaya mabegani. Baba aliona ni jicho la watu. Aliniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha, akaninywesha huku akisoma, nami nilipomaliza nikamwuliza kama lipo jingine, maana kiu ilikuwa haijakatika. Alinitazama kama anayejizuia kunipiga.

Mama ndiye aliyewaona sisimizi. Uani kwetu, nyuma ya ukuta wa makuti, palikuwa na mahali nilipozoea kwenda haja ndogo, na sisimizi walipageuza pao. Walikuja mstari mmoja kutoka mgombani, wakapazunguka kama waliomwagiwa shira. Mama alisimama pale na ufagio mkononi kwa muda mrefu. Kesho yake alinipakia kwenye gari la abiria, katikati ya mikungu ya ndizi na magunia ya muhogo, tukaenda hospitali Chake Chake.

Daktari alitueleza kwamba ni maradhi ya sukari, ya aina ile inayoshika watoto na vijana. Mwili wangu, alisema, umeacha kutengeneza dawa yake wenyewe, ile inayoifanya sukari ya chakula itumike, na sasa dawa hiyo lazima itiwe kwa sindano kila siku. Mama akauliza mpaka lini. Daktari akatazama chini, akasema, "Siku zote, mama." Mama akaitikia vizuri kama mtu aliyeambiwa bei ya kitambaa, kisha tulipofika nje alikaa chini ya ukuta akalia na buibui usoni.

Tukafundishwa. Sindano ilikuwa ya kioo, ikichemshwa kwenye sufuria ndogo isiyopikiwa kitu kingine. Kichupa cha dawa mama alikifunga kwenye kitambaa, akakitia kwenye kijungu, na kijungu akakiweka ndani ya mtungi wenye mchanga uliorowa maji, mahali pa ubaridi kuliko pote nyumbani. Na tulipewa maji ya buluu. Unatia matone machache ya mkojo kwenye kichupa chembamba chenye maji yale, unakichemsha juu ya kitaa cha spiriti, halafu unangoja rangi. Yakibaki buluu, salama. Yakiwa ya kijani, si haba. Yakienda njano, angalia. Yakiwa mekundu ya tofali, hapo kuna hatari, na daktari alimrudia mama maneno yake mara nyingi. Siku mtoto anayoumwa kitu kingine, homa au jipu au tumbo, hata kama hali chakula, sindano isiachwe. Anywe maji kwa wingi, mkojo upimwe tena na tena, na akianza kutapika au kuhema aletwe hospitali bila kungoja kesho. Siku ya kuumwa, alisema, ndiyo siku ambayo sukari hupanda, hata kama tumbo ni tupu. Mama hakujua kusoma barua, lakini maneno yale aliyashika kama alivyoshika sala zake.

Shida yetu ilikuwa aibu. Nyumba ya mwalimu, ambamo watoto huvua viatu na kutia udhu kabla ya kugusa juzuu, sasa ilikuwa ikichemsha mkojo kila asubuhi. Baba hakumkataza mama, ila kitaa kilipowashwa alishika upindo wa kanzu yake, akaupandisha juu kidogo kama anayevuka tope, akatoka kwenda msikitini hata kama wakati wa sala haujafika. Majirani waliponusa na kuuliza, "Mwapika nini leo bibi?" mama aliwajibu, "Dawa ya tumbo la ntoto huyu." Basi nikawa mtoto mwenye tumbo. Baba aliagiza jina la maradhi lisitoke nje ya mlango. Alikuwa na mabinti wa kuoza, na alikuwa na mwana mmoja tu wa kumwachia chuo, na hakutaka mtu aseme damu yetu ina kasoro. Mimi sikuhitaji kuagizwa. Nilikuwa nikiona haya peke yangu vya kutosha, haya ya kuwaza kwamba wadudu wananifuata.

Miaka ikapita namna hiyo, nami nikajifunza kujipiga sindano mwenyewe. Nilikuwa nakaribia utu uzima msimu mmoja wa karafuu ulipokuja mkubwa sana, mikarafuu ikainama, na vijana wa rika langu wote wakawa wanafunga mizigo kwenda kuchuma upande wa kaskazini na kulala huko huko makambini. Miaka yote nilikuwa nikibaki nyumbani na wazee na wanawake. Safari ile nikang'ang'ania. Nilimwambia baba nitakwenda hata kwa miguu. Baba alikataa, mama akaniombea. Alinifungia sindano na kichupa na maji ya buluu na kitaa ndani ya bati la biskuti, akanirudia yale maneno ya daktari, nami nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, macho yangu yakiwa barabarani. Kisha naye akaondoka kwenda Wesha, kwa dada yake aliyekuwa karibu kujifungua.

Kambini tulilala kwenye banda moja, bega kwa bega. Hapana faragha, hapana hata pa kugeukia. Mchana tuko juu ya miti, jioni tumekaa duara tukichambua karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, na mikono yote inanukia. Nilifurahi, sitaficha. Binamu yangu, mtoto wa ami yangu, ndiye aliyekuwa kinara wetu. Alikuwa na mdomo, na kila mtu alikuwa na jina aliloliweka yeye. Mimi aliniita Bi Tumbo. Asubuhi za mwanzo niliamka kabla ya wenzangu, nikajipenyeza na bati langu kwenye mikarafuu, nikajipiga sindano nimechutama kama mwizi. Kuchemsha sindano kulitaka moto, na moto ulitaka maelezo, basi nikawa nachemsha siku moja na kuacha siku nyingine. Kupima mkojo sikupima hata mara moja. Mtu gani atawasha kitaa porini achemshe mkojo wake, halafu akutwe?

Kisha nikachomwa na mwiba mguuni. Mguu ukavimba, ukatunga usaha, nami nikaingiwa na homa. Chakula kikanikinaisha. Hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu ya kijinga, na nilijua hata wakati ule kwamba ni ya kijinga. Nilijiambia kwamba sindano ni ya chakula, nami sili, kwa hiyo sindano ya nini? Maneno ya mama yalikuwa masikioni kabisa. Lakini bati lilikuwa chini ya mkeka, na binamu yangu alikuwa amelala juu ya ncha ya mkeka ule, na kumwamsha ilikuwa ni kueleza. Nikaliacha. Siku iliyofuata nikaliacha tena, sasa kwa sababu ya jana.

Kiu ile ya utotoni ikarudi. Nilikunywa maji kuliko kambi nzima, nikawa kila mara naelekea kichakani, na wenzangu wakacheka kwamba Bi Tumbo kachimba kisima. Tumbo likaanza kuniuma kweli, nikatapika. Macho yakawa yanaona ukungu. Niliposhuka mtini nikapepesuka, nikajishika kwa binamu yangu asinione naanguka, uso wangu ukawa karibu na wake. Akanusa. Akarudi nyuma, akanitazama, akanusa tena.

"Wee! Hino harufu ya nini? Ntoto wa Mwalimu kanywa!"

Wote wakaja kunusa. Mmoja akasema ni tembo lililochacha, mwingine akasema hapana, ni tembo lililotiwa mapera. Walizungumza kama wajuzi, na Mungu anisamehe, nadhani hakuna hata mmoja aliyewahi kunusa kinywa cha mlevi kwa karibu. Wote tulikuwa watoto wa nyumba za sala. Ulevi tuliujua kwa kusimuliwa: harufu tamu iliyooza, macho mazito, kupepesuka, kutapika. Nami nilikuwa nayo yote.

"Siye twakuona mnyonge," binamu yangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima, heshima hasa, ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. "Kumbe weye bingwa. Wanywa wapi pasi na siye?"

Ningeweza kusema. Kinywa kilikuwa kikavu lakini kilikuwa kinafunguka. Badala yake nikatabasamu, nikajitia bingwa. Kwa mara ya kwanza tangu wale sisimizi, nilikuwa na kosa linalowezekana kusimuliwa kwa kicheko. Bi Tumbo alikufa pale pale, na mimi niliona raha kumzika.

Raha hiyo haikufika jioni. Nilipoanza kulala hovyo na kujibu maneno yasiyoulizwa, wenzangu wakaingiwa na hofu ya baba yangu, ambaye ndiye aliyewafundisha wote alifu na bee. Wakanipakia gari la kurudi Kengeja, binamu yangu akanisindikiza, akanibwaga barazani kwetu pamoja na mzigo wangu, akasema kwa haraka, "Mwalimu, siye hatumo," akatoweka. Chuo kilikuwa kinasomwa. Watoto wote wakanyanyua macho kwenye juzuu.

Baba aliinama juu yangu. Niliona pua yake ikinusa, kisha uso wake ukasawijika. Aliwafukuza watoto kwa mkono tu. Akaniburura hadi chumba cha ndani, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"N'ambie kweli. Umekunywa tembo weye?"

Nilikuwa nimelala ubavu, jasho limekauka, tumbo linanikata. Mbele yangu kulikuwa na majibu mawili. Nikisema la, ataniuliza basi ni nini, nami nitalazimika kusema nimeacha sindano kwa kuona haya mbele ya wavulana, na kwamba harufu hii inatoka ndani ya mwili wangu wenyewe. Hilo la pili sikufundishwa, nilikuwa nimelihisi tu. Nikisema ndiyo, nitakuwa mwovu kama waovu wengine. Mwovu ana mahali pake duniani.

"Ndiyo," nikasema.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa chini akashika kichwa, akasema, "Ndani ya nyumba ya Kurani," basi. Kisha akaniletea mtungi wa maji, akatoka akafunga mlango kwa nje ili watu wasinione, akaniacha nilale ulevi unitoke. Mama yuko Wesha. Bati la biskuti liko barazani, ndani ya mzigo, na hakuna aliyelifikiria. Nililisikia gari likipita barabarani kwenda mjini, nikajua kwamba ningepaswa kuwa ndani yake, nikanyamaza.

Baba alirudi alfajiri, amevaa kanzu ya kwendea msikitini, na maji ya udhu yakimdondoka ndevuni. Alikuja kunitubisha. Aliniketisha akaniegemeza ukutani, akaniambia nimfuate maneno ya toba. Astaghfirullaha, akasema. Nikaanza, nikashindwa kulimaliza neno. Pumzi ilinikatiza. Nilikuwa nahema kwa kina, kwa nguvu, haraka haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia, na nilikuwa sijatoka ukutani. Baba akaanza tena. Nikashindwa tena. Akasogeza uso, akaninusa.

Baadaye, miezi mingi baadaye, alimwambia mama alichokiwaza pale, nami nikasikia. Alikuwa hajui tembo linanukaje, lakini alijua kwamba mlevi akilala ulevi humtoka, na harufu hii ilikuwa imezidi. Mtungi ulikuwa mkavu, na kiu kama ile aliwahi kuiona mara moja tu, kwa mtoto aliyeomba kombe la pili.

"Umekunywa?" akaniuliza.

Sikuwa na nguvu ya uongo. "La."

"Sindano wapiga?"

"La."

Nje muadhini alikuwa anaadhini. Baba hakwenda. Akaenda barazani akalileta bati, akalifungua sakafuni, akavitazama vile vyombo alivyovikimbia miaka yote. Kisha akaniletea bakuli, akanishika nisianguke. Mzee yule ambaye tone la najisi likimrukia hubadili nguo nzima alitia mkojo wangu ndani ya kichupa, ukamwagikia vidole, ukamwagikia kanzu, akawasha kitaa na kuchemsha. Maji ya buluu hayakupita kijani wala njano. Yalikwenda moja kwa moja mekundu, mazito, kama tofali lililosagwa. Nikamwelekeza kipimo cha dawa. Akanipiga sindano pajani, imepinda, akisema bismillahi zaidi ya mara moja. Sikuweza kumtazama. Nilitazama doa kwenye kanzu yake.

Gari la asubuhi la mjini lilikuwa limejaa kama kawaida, watu juu ya muhogo na muhogo juu ya watu. Baba na jirani mmoja walinibeba kwa kitanda hadi barabarani, wakanipandisha. Habari za ulevi zilishazagaa, kwa kuwa watoto wa chuo wana midomo na binamu yangu pia. Mzee mmoja wa pale kwetu akaziba pua kwa kilemba, akasema kwa upole wa kuumiza, "Mwalimu, ntoto kanywa sana."

Nilikuwa kati ya kulala na kuamka, lakini jibu la baba nililisikia lote. "Kanywa? La. Mwanangu ana maradhi ya sukari. Anayo tangu mdogo, na siye twaficha. Enda mbio dereva."

Hospitali walinitundikia maji mshipani, wakanipiga dawa kila baada ya saa chache, wakanipasua mguu kutoa usaha. Mama alifika kutoka Wesha amevaa viatu tofauti kila mguu. Daktari aliwaambia wote wawili, na baadaye mimi, harufu ile ni nini. Mwili unaponyimwa dawa yake, alisema, hauwezi kuitumia sukari hata kama damu imejaa sukari, basi huona njaa, huanza kuyayeyusha mafuta yake wenyewe kwa pupa. Mafuta hayo yakiyeyuka hivyo huacha tindikali kwenye damu, nayo ndiyo inayotapisha, inayoumiza tumbo, inayomfanya mtu aheme kama mkimbiaji na apotewe na akili, na ndiyo inayonukia kinywani kama matunda yaliyooza. Angechelewa zaidi, alisema, na hakumaliza.

Mama alingoja daktari aondoke. "Bora ungelikunywa," akaniambia. "Ungelikunywa ningelikupiga, mambo yakesha hapo hapo." Akageuka ukutani. Nilitaka kumwambia kwamba nami nilifikiri hivyo hivyo, kwamba hesabu yangu yote ilikuwa hiyo, lakini nikaona haya.

Nilidhani yangeishia pale. Nilirudi Kengeja, nikajikongoja hadi msikitini Ijumaa ya kwanza, nikakaa nyuma karibu na viatu. Baada ya sala, watu wanajiandaa kutoka, baba akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Akawaomba radhi, akasema, "Mmesikia kwamba mwanangu mlevi. Mwanangu si mlevi. Miye nilimdhania, nikamfungia mlango, nusura nimuue." Kisha akaeleza. Alieleza yote, mbele ya kibla, sindano, kiu, na mkojo wenye sukari. Alilitaja neno mkojo msikitini bila kupepesa. Na mwisho akawausia. "Mkimkuta popote, shambani, barabarani, harusini, anapumua kwa nguvu na kinywa chanukia hivyo, msicheke. Msimwache alale. Mpandisheni gari."

Watu wote walikuwa wakijitahidi wasigeuke, na waligeuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wa kwetu wana majina mengi ya jambo hili, haya na soni na aibu na fedheha na izara, na mimi pale karibu na viatu niliyaonja yote kwa mpigo. Kama ningekuwa mlevi, baba angesema nimetubu, watu wangesema alhamdulillahi, na biashara ingekwisha. Sukari haina toba. Nilikuwa nimekaribia kufa ili nisijulikane, na sasa nilijulikana na nilikuwa hai.

Na wakaushika wosia ule! Kengeja nzima iligeuka pua. Mabibi niliowaamkia waliitikia marahaba, kisha wakaniambia, "Hebu pumua mwanangu." Muuza samaki alininusa. Binamu yangu, ambaye hakuniita Bi Tumbo tena, wala bingwa, alinisalimia kwa kuninusa kwanza na kunishika mkono baadaye, naye alifanya hivyo kwa uso wa huzuni ulionikera kuliko matani yake ya zamani. Nilianza kukwepa njia kubwa. Nilijibu watu vibaya. Sindano nilikuwa najipiga kila siku na mkojo napima, sikuthubutu kuacha, lakini nilifanya kwa hasira, nikibamiza sufuria.

Na baba ndiye aliyenichosha zaidi. Hakuniomba radhi faraghani hata siku moja, wala mimi sikumwomba yeye. Ila kila alfajiri, kabla ya kwenda msikitini, alisukuma mlango wa chumba changu polepole, akaja mpaka kwenye mkeka, akashika magoti, akainama, akaninusa. Nilikuwa macho kila mara, nikijifanya nimelala. Nilisikia magoti yake yakilia. Akishanusa hutulia kidogo, halafu huenda zake. Hakujua kwamba najua, na mimi nilimchukia kwa hilo, chuki ya kijana aliyetazamwa uchi.

Alfajiri moja nikaamua nimkomoe. Nilipomsikia mlangoni nikajaza kifua, nikaizuia pumzi. Akainama. Hakunusa kitu, maana hapakuwa na pumzi ya kunusa. Akangoja. Nikaendelea kuizuia, nikicheka moyoni, nikisema leo utanusa hewa. Akasogea karibu zaidi hadi ndevu zake zikanigusa shavu. Kisha nikausikia mkono wake kifuani kwangu, umefunguka wote, ukitafuta, ukihama huku na huku bila kutua. Akaniita kwa jina langu. Akaniita tena. Halafu akaanza kusoma, kwa kunong'ona, yale yanayosomwa mbele ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Nikapumua. Pumzi ilitoka kwa kishindo, usoni mwake.

Baba akaketi chini pale pale na kanzu yake safi. Sikuyaona macho yake vizuri, giza lilikuwa bado, lakini nilimsikia akivuta kamasi kama mtoto. Akasema alhamdulillahi. Kisha akanizaba kofi, kofi kamili, la kwanza tangu niugue.

"Pumua tena," akaniambia.

Nikapumua tena. Akanusa, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kusali. Nilibaki nimelala na shavu linawaka, na haya iliyonishika alfajiri ile haikufanana na ya gari wala ya msikitini, kwa sababu safari hii hapana aliyenifedhehesha. Nilikuwa nimemwonjesha mzee wangu kifo changu ili nicheke.